Chupa Zirudi Zilikotoka

Mtaa mzima ulimwita Bi Henzirani, na ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa ilimbidi afikiri kwanza kabla ya kuitika. Henzirani ni ile fimbo nyembamba inayolowekwa majini mpaka ilainike, ikapindwa, ikasukwa kuwa kiti cha kumdumu mtu mpaka uzeeni. Baba yake alikuwa fundi wa viti hivyo. Alimfundisha bintiye kwa sababu wanawe wa kiume walikimbia kazi, na binti akaja kumpita ufundi, jambo ambalo mzee alilisema waziwazi kwa kila mteja, tena kwa majivuno.

Shida ni kwamba henzirani yenyewe iliadimika. Waliokuwa wakiileta waliacha, na wateja wakahamia kwenye viti vyeupe vya plastiki, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama sahani, na vinavyovunjika miguu aliyevikalia akicheka sana. Bi Henzirani akabaki na karakana pana, fremu tupu za viti zimetundikwa ukutani, na mikono isiyo na la kufanya. Kila asubuhi alifungua mlango kwa mazoea tu. Anafagia, anakaa, anatazama barabara. Wapita njia walimsalimu kwa sauti ya chini kama watu wanaopita msibani, na hilo lilimuudhi kuliko kukosa wateja kwenyewe.

"Waambie hao wenzako huko kazini," alimwambia binti yake, "mama yako hajafa. Amekosa fimbo tu."

Binti alikuwa mkunga katika zahanati ya uzazi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, pembeni kabisa mwa mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alicheka, akambusu mama yake shavuni, akavuka kwenda zamu.

Mvua iliyogeuza mambo ilishuka asubuhi, watu wakiwa kazini. Haikuwa mvua ya ajabu. Mtaro ule ulishameza mvua kubwa zaidi ya hiyo. Lakini safari hii haukumeza, ulicheua. Maji meusi yalipanda ukingoni, yakamwagika barabarani, na kwa kuwa zahanati ilikuwa chini kidogo ya barabara, yakaingia humo kama yaliyoalikwa. Bi Henzirani alimwona muuguzi anatoka mbio, viatu mkononi, anaita watu. Akafunga kibwebwe, akavuka.

Ndani maji yalishafika magotini. Wazazi walikuwa wamesimama juu ya vitanda, wamewakumbatia watoto wao wachanga. Kona ya mwisho alikuwapo mmoja ambaye hakuweza kusimama wala kulala, ameshika ukuta, na binti yake Bi Henzirani amemshika kiuno.

"Huyu hasubiri," alisema mkunga. "Na machela imenasa kule stoo, mlango haufunguki kwa maji."

Bi Henzirani alirudi mlangoni, akawapigia kelele wanaume waliokuwa wamejibanza chini ya paa la duka: "Nyie! Mnatazama sinema? Ingieni karakana kwangu, shusheni viti vya henzirani vilivyo juu ya kabati, vyote, mvilete hapa!"

Vilikuwa viti vya mwisho vya mkono wa baba yake, ambavyo alikataa kuviuza hata alipobanwa na maisha. Mama mmoja baada ya mwingine aliketishwa, akainuliwa, akavushwa barabara juu ya maji kama malkia. Yule mwenye uchungu walimbeba wanaume wanne, kila mmoja na mguu wake wa kiti, na mkunga akitembea kando akiwaambia, "Taratibu, taratibu, msikimbie, mkimbie kwa sababu gani, mnazaa nyinyi?" Wakamfikisha karakana. Mtoto akazaliwa palepale, kwenye godoro lililotandikwa chini ya fremu tupu za viti, na kilio chake kikasikika mpaka barabarani. Waliokuwa nje wamelowa chapachapa wakapiga makofi.

Maji yalipopungua, vibarua wa baraza la mji walikuja kuzibua mtaro. Kila koleo lilitoka na kitu kilekile: chupa za plastiki za maji na za soda, zimebanana kama dagaa, zimefinyangwa na matope. Walizirundika kwenye uwanja mbele ya karakana ya Bi Henzirani, wakasema ni kwa muda tu, gari litakuja kuzichukua. Gari halikuja. Rundo lilianza kunuka.

Diwani wa kata alikuja kuangalia uharibifu. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wake Bi Henzirani, kwa hiyo ni shemeji yake, na tangu ujana wao hawakuwahi kukutana bila kutaniana.

"Shemeji," alisema diwani, ameshika pua, "umepata bustani."

"Ndiyo, shemeji. Nilikuwa nakusubiri wewe tu, mbolea."

Diwani alicheka, akaahidi gari, akaenda zake. Bi Henzirani alibaki amekaa mbele ya rundo lile na hasira zake. Aliokota chupa moja, kwa kukosa la kufanya, akaitoboa kwa kisu na kuanza kuikata kwa mzunguko kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Ukatoka utepe mrefu, mwembamba, unaopindika bila kukatika. Akauvuta. Ukagoma kukatika. Akauvuta kwa mguu na mikono miwili. Ukagoma.

Siku zilizofuata hakufagia wala hakutazama barabara. Alijikata vidole mpaka akafikiria kugongelea wembe kwenye kipande cha mbao, chupa ikizungushwa hapo utepe unajitokea wenyewe, upana mmoja mwanzo mpaka mwisho. Akaanza kusuka kwenye fremu ya zamani. Kilitoka kiti cha kuchekesha: ukikikalia kinabonyea kama bembea, matako yanafika chini. Binti yake alikijaribu akashindwa kunyanyuka, ikabidi avutwe.

"Mama, hiki si kiti, ni mtego."

Alichofanya baadaye hakukipanga. Kiti kilikuwa bado kinanuka mtaro, naye akakitoa nje akakimwagia birika zima la maji yaliyochemka ili kukisafisha. Tepe zikajikunja. Zikabana. Zikalia ka-ka-ka kama kuni mbichi jikoni, kisha zikanyamaza. Alipokibonyeza kwa kiganja kilikuwa kimekaza kama ngoma. Akakikalia. Akaruka juu yake. Akamwita Bwana Kesho, muuza duka wa jirani, mtu mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimwomba mkopo jibu lake ni moja tu, naye akakaa kwa tahadhari, mkono mmoja umeshika ukuta. Polepole akauachia ukuta. Akaegemea. Akafumba macho.

"Nauzaje hiki?" aliuliza Bi Henzirani.

"Usikiuze," alisema Bwana Kesho bila kufumbua macho. "Niache hapahapa."

Zahanati ndiyo iliyotoa kazi ya kwanza kubwa: mabenchi ya chumba cha kusubiria, kwa kuwa yale ya mbao yalivimba kwa maji. Kazi ilimzidi Bi Henzirani, akawaita wanawake wa mtaa. Wa kwanza kuja alikuwa yule mama aliyejifungulia karakana, mtoto mgongoni. "Mwanangu kazaliwa hapa," alisema, "basi na mimi nina haki ya kuajiriwa hapa." Wakafuata wengine. Karakana iliyokuwa kimya ikajaa vicheko, porojo na sauti ya wembe ukikwaruza plastiki. Walisuka viti, vikapu, vitanda vya watoto. Walitafuta rangi kwa kuchanganya chupa: za kijani kwa nyeupe, za kahawia pembeni. Rundo la uwanjani likaanza kupungua. Watu wakaacha kusalimia kwa sauti ya chini.

Hata hivyo, kila akivuka barabara kumpelekea binti yake chakula, Bi Henzirani aliinama kutazama mtaroni. Chupa zilikuwa zimerudi. Zilikuja na kila manyunyu, zinaelea kwa furaha zao. Aliwaambia wenzake walipokuwa wanafunga kazi: "Sisi tunasuka mwezi mzima, mtaro unajaa asubuhi moja. Tutasuka mpaka tupinde migongo, na zahanati itaingia maji tena."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza mama wa mtoto. "Tuwafunge watu midomo wasinywe soda?"

"Wanywe. Zamani si tulikuwa tunakunywa? Lakini ulikuwa hupewi soda dukani mpaka ulete chupa tupu. Nani aliwahi kuiona chupa ya soda mtaroni enzi zile? Chupa ilikuwa na kwao. Hizi za sasa hazina kwao. Anayezitengeneza akishaziuza ameshazikana."

Neno hilo likawakaa moyoni. Wakalijadili huku wanasuka, wakalipinda na kulibana mpaka likawa ombi kamili: baraza la mji litunge sheria ndogo. Mnunuzi aache kiasi kidogo dukani, akirudisha chupa arudishiwe chake. Kampuni inayojaza chupa ije kuzibeba yenyewe, kwa gari lake yenyewe. Na kabla hazijabebwa, mafundi wa mji wachague kwanza zinazowafaa. Hilo la mwisho lilikuwa la Bi Henzirani, maana hakutaka kushinda vita akafunga karakana.

Alimpelekea shemeji yake ofisini. Diwani alisikiliza, akajikuna shingo.

"Shemeji, nakuheshimu. Lakini kampuni ile imetujengea kituo cha basi. Wanatuletea maji ya mikutano bure. Nikasimame barazani niwatukane?"

"Nani kasema uwatukane? Waambie wachukue watoto wao."

"Baraza haliwezi kubadilisha mji kwa sababu ya wanawake watatu wenye wembe."

"Tuko wengi kuliko hapo. Na nyembe tunazo nyingi pia."

Diwani alicheka tena, ila hakukubali. Aliwapatia tu nafasi ya kuzungumza mwishoni mwa kikao.

Kikao hicho Bi Henzirani angependa kukisahau. Askari wa mlangoni aliwaambia ukumbi hauna viti vya wananchi, wakasimama ukutani tangu mwanzo. Mwakilishi wa kampuni, kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, alizungumza juu ya ajira na maendeleo, akasema tatizo ni tabia ya wananchi kutupa ovyo. Madiwani wakatikisa vichwa kukubali. Miguu ya Bi Henzirani ilishakufa ganzi alipoitwa. Alisogea mbele, akaona nyuso zote zimemgeukia, na maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. Akasema, "Mimi ni fundi wa viti," akaishia hapo, na mwenyekiti wa baraza akasema kwa huruma, "Asante mama, tumekuelewa." Muda umekwisha. Kikao kimefungwa.

Njiani alitembea mbele ya wenzake ili wasimwone uso. Nyumbani hakula. Binti yake alikaa karibu naye, kama anavyokaa na wazazi wanaoogopa.

"Mama," alisema, "mtoto akija vibaya mimi sigombani naye. Nabadilisha mlalo. Wewe uliwaomba waamini kitu ambacho hawajakiona. Waonyeshe."

Kesho yake Bi Henzirani alijikaza kisabuni, akaingia dukani kwa Bwana Kesho. Alimwomba aanze utaratibu ule yeye mwenyewe, bila sheria, kwa mtaa wao tu. Bwana Kesho alitoa macho. "Niwacheleweshee wateja soda wakimbilie duka la pili?" Bi Henzirani akamwambia ataliendea na duka la pili, na la tatu, mpaka wasiwe na pa kukimbilia. Na akitaka, kile kiti alichokilalia ni chake. Bwana Kesho alifikiri sana. "Kesho," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kesho hiyo ikafika.

Mwanzo watu walinung'unika. Wengine waliapa hawatanunua tena. Lakini watoto waligundua mapema kuliko wakubwa kwamba chupa iliyotupwa ukiirudisha unapata kitu cha dukani, na baada ya hapo hapakuonekana chupa chini hata ya dawa. Wazee wakaanza kutembea na vikapu. Bwana Kesho akalazimika kujenga banda nyuma ya duka, na wenye kurudisha chupa wakawa hawatoki bila kununua kitu, naye akawa wa kwanza kuwahubiria wenzake. Vibarua walisafisha mtaro mara moja, na safari hii ukabaki msafi.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha tangu alfajiri. Wanawake waliacha kusuka, wakatoka wakasimama barabarani wamejifunika magunia, wanatazama. Maji yalipita mtaroni yakinguruma, yakapinda kona ya zahanati, yakaenda zao. Ndani ya zahanati sakafu ilikuwa kavu. Mkunga alijitokeza dirishani akapunga mikono yote miwili, yeye ambaye hakuwa mtu wa mbwembwe.

Mchana mtu alikuja karakana amekunja suruali mpaka magotini, amelowa, amebeba kiatu kimoja. Alikuwa diwani. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa juu, ambako hakuna duka lililoingia kwenye mpango.

"Shemeji," alisema, "kochi langu linaelea."

Bi Henzirani alijitahidi asicheke, akashindwa. Wanawake wote wakaangua kicheko, na diwani mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha uso wake ukabadilika.

"Nimepita hapa kwenu pakavu. Nikasimama katikati ya barabara kama mwehu, huku kavu, kule ziwa. Hoja naiwasilisha mimi. Wewe lete watu."

Alileta watu. Siku ya kikao askari wa mlangoni alisikia kelele kabla hajaona kitu. Kisha wakatokeza kwenye kona: wanawake wa karakana, wenye maduka, wauguzi, wazee wa vikapu, kila mmoja amebeba kiti kichwani au begani, viti vya kijani, vyeupe na vya kahawia, vinang'aa juani. Barabara nzima ilisimama kuwapisha.

"Viti vya nini?" aliuliza askari.

"Ulituambia humu hamna," alisema Bi Henzirani. "Tumekuja na vyetu."

Askari alikuna kichwa, akashindwa kukumbuka kanuni inayokataza, akafungua milango yote miwili. Walipanga viti mpaka ukumbi ukajaa, na waliokosa nafasi wakakaa uani, kwenye madirisha.

Diwani aliwasilisha hoja. Mwakilishi wa kampuni akasimama na maneno yake yaleyale ya tabia ya wananchi, ila safari hii wananchi wenyewe walikuwa wamekaa mbele yake, wametulia, na sauti yake ikapungua kidogo kidogo. Bwana Kesho alieleza habari za banda lake. Yule mama aliyejifungulia karakana alisimama na mwanawe, ambaye sasa alishaota meno, akasema tu mahali alipozaliwa na sababu yake. Kisha mwenyekiti akamwita Bi Henzirani.

Safari hii hakwenda mbele, alisimama palepale kati ya watu wake, mkono umeshika mgongo wa kiti.

"Mara ile nilisema mimi ni fundi wa viti, nikaishia hapo," alisema. "Nilikuwa nimebakiza haya. Kila kiti mnachokiona humu kilitoka mtaroni. Tumevisuka kwa furaha, na tutaendelea. Lakini mimi si pipa la taka la mtu yeyote. Anayeuza chupa aijue njia ya kwenda kuichukua. Sisi njia tumeshamwonyesha. Mtaa wetu ni mkavu. Wenye macho wamekwenda kuona. Tunaomba mji mzima uwe mkavu."

Akakaa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mkono wa diwani ulikuwa wa kwanza, ukifuatwa na wa jirani yake, kisha mmoja mmoja mpaka upande ule wa mbele ukawa msitu wa mikono. Mwenyekiti alihesabu, ingawa hapakuwa na haja, akatangaza kuwa hoja imepita. Mkunga, aliyeponyoka zamu kuja kusikia, alimkumbatia mama yake wakaanguka wote wawili kitini, na kiti hakikulalamika.

Kampuni ililalamika magazetini, ikaomba iongezewe muda, ikanyimwa. Kisha asubuhi moja lori lake liliingia mtaani kwa mara ya kwanza likiwa tupu. Dereva hakujua pa kugeuzia. Bwana Kesho alitoka akamwelekeza, wazee wakamwelekeza, watoto wakamwelekeza, kila mmoja upande wake: rudi, rudi, kata kushoto, simama! Wanawake wa karakana walikuwa wameshachagua chupa zao, wamezipanga kwa rangi. Zilizobaki zilikuwa kwenye magunia, safi, zimefungwa midomo. Lori liliposimama vigelegele vikapigwa mpaka wazazi wakatoka zahanati kuona.

Dereva alichungulia dirishani, ameshangaa.

"Jamani, nimekuja kuchukua mzigo au bibi harusi?"

"Vyote viwili," alisema Bi Henzirani, akainua gunia la kwanza begani. "Fungua nyuma."